Tanga hadi Mombasa kwa basi: utume kifurushi, usafiri nacho, au mkabidhiane mpakani?

Mtengeneza sabuni ya mwani wa Mkinga, fundi makubadhi wa Ngamiani na mfungashaji wa viungo vya Amani wote wako karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, ni kilomita 65 za lami. Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi Likoni ni kama 100 nyingine. Dar ni zaidi ya 350, na ukifika unakuta bidhaa kama yako imeshajaa sokoni. Wateja wa Mombasa, Ukunda na Diani wapo, wanaagiza kwa WhatsApp, na M-Pesa imekuwa ikivuka mpaka kati ya Kenya na Tanzania tangu 2015. Shida ni kuufikisha mzigo.

Lori halihangaiki na katoni tatu, na kampuni za vifurushi vya ndege zitameza faida yote ya sabuni. Ndipo basi linapoingia. Ila watu wakisema "natuma kwa basi" huwa wanazungumzia mambo matatu yasiyofanana: kukabidhi kifurushi ofisi ya basi la moja kwa moja, kupanda basi na mzigo wako, au kuupeleka kwa daladala hadi mpakani na kumkabidhi mnunuzi pale. Wengi huchagua kwa kulinganisha nauli. Nauli iangalie mwisho. Cha kwanza kuuliza ni nani atakayekuwa amesimama na mzigo mbele ya ofisa wa forodha. Ukilijua hilo, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha.

Kifurushi kwenye basi la moja kwa moja

Mabasi ya Dar–Mombasa, kama ya Tahmeed na Simba Coach, hupita Tanga. Unafika ofisini mapema, mzigo unapimwa au unakadiriwa kwa macho, unalipa, unapewa risiti, na namba ya risiti unamtumia mpokeaji. Kwa maneno ni rahisi kuliko zote, na kwa bidhaa isiyo na maswali, kama sampuli ya jozi mbili za makubadhi au nguo ya harusi iliyoshonwa kwa oda, ni rahisi kweli.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne na usiondoke bila majibu. Je, kampuni inapokea vifurushi vya biashara vinavyovuka mpaka, au ni vya ndani ya nchi tu? Ofisi nyingi zenye bango la vifurushi hufanya kazi ya ndani peke yake. Pili, je, mzigo utaandikwa kwenye manifesti, yaani ile orodha ya mizigo anayopewa dereva, au utaingia buti "kwa kufahamiana"? Tatu, nani atashughulikia forodha: mtu wa kampuni, wakala wa forodha wanayemtumia, au hakuna? Nne, mpokeaji atauchukulia wapi hasa, kwa saa ngapi, na ukilala ofisini kuna gharama ya kuuhifadhi?

Kampuni inayobeba vifurushi kwa biashara inatakiwa iwe na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa kazi hiyo, mbali na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) ya kubeba abiria. Kuuliza leseni si ujeuri. Ofisi yenye leseni huwa na risiti yenye masharti, na masharti hayo yako nyuma kwa herufi ndogo. Yasome. Mara nyingi kuna kikomo cha fidia kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Katoni ya iliki na katoni ya sabuni za kufulia zinalingana kwa umbo, lakini ikipotea ya iliki bila thamani kuandikwa, utalipwa kana kwamba ilikuwa ya sabuni, kama utalipwa.

Usimpe utingo mzigo mkononi kwa bei ya nusu. Hauko kwenye manifesti, risiti huna, na basi likichelewa pale mpakani wa kwanza kushushwa ni huo.

Tutazame mpakani kwenyewe, kwa sababu ndiko vifurushi vinakokwama. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania, Uhamiaji na forodha za nchi zote mbili unazimaliza upande wa Kenya. Ukirudi, unazimaliza Horohoro. Basi likisimama, abiria hushuka na mizigo yao na utingo hufungua buti. Ofisa hupita akigusa katoni moja moja: "Ya nani hii?" Yenye mwenyewe hujibiwa. Isiyo na mwenyewe husomwa juu: kuna jina, kuna simu, kuna bahasha ya karatasi? Bahasha ikiwepo, nje kabisa, anaitoa, anailinganisha na katoni, na maisha yanaendelea. Isipokuwepo, kuna abiria arobaini wanaosubiri na dereva anayetazama saa. Hakuna atakayepiga simu Tanga kuuliza ndani mna nini. Katoni itabaki kwenye sakafu ya kituo na basi litaondoka.

Kwa hiyo bahasha ya plastiki ngumu yenye nakala za karatasi zote ibandikwe juu ya katoni namba moja, na seti nyingine aishike dereva au mtu wa kampuni. Ukiificha ndani ya katoni, ni sawa na kutoituma.

Kupanda nao

Hapa jibu la "ya nani hii?" ni wewe. Hiyo ndiyo faida yake, na ni kubwa. Unaeleza bidhaa, unafungua katoni mwenyewe kwa kisu chako badala ya kuichaniwa, unalipa kinachodaiwa palepale, unaondoka. Ukifika Mombasa unakutana na mnunuzi, unaona duka lake, unarudi na oda mbili usizozitarajia. Kwa safari ya kwanza kwa mteja mpya, nadhani hakuna njia nyingine ya maana.

Gharama yake ni siku nzima, pengine mbili, ambazo karakana yako imefungwa. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na kama una pasipoti angalia tarehe ya mwisho kabla ya kukata tiketi, si usiku wa kuamkia safari. Mwambie mkata tiketi kwamba una mzigo wa biashara na utaje idadi ya katoni. Begi lako la nguo limo kwenye nauli; katoni sita hazimo, na ukizileta stendi ya Kange dakika kumi kabla ya basi kuondoka utalipa bei ya mwenye haraka kwa wapakiaji, kisha bei nyingine kwa kondakta.

Kuna dhana iliyoenea kwamba ukisafiri nayo ni "mizigo ya abiria" na haihusiki na forodha. Si kweli. Nafuu ya abiria ni ya vitu vyake binafsi. Katoni nne za sabuni zenye lebo moja ni biashara hata ukizikalia.

Kukabidhiana mpakani

Njia hii haisifiwi sana, nami naona ndiyo bora kwa wenye oda za kila wiki mbili au mwezi kwa mnunuzi yuleyule. Mzigo unapanda daladala au Noah ya Horohoro asubuhi. Mnunuzi, au mtu wake, anapanda matatu kutoka Likoni au Ukunda hadi Lunga Lunga. Mnakutana kituoni, taratibu zinafanyika mkiwa wote wawili, anahesabu katoni mbele yako, anatuma salio lililobaki, anapakia kwenye matatu. Mchana umerudi Tanga.

Ubora wake ni kwamba kila upande una mtu wa nchi hiyo. Ofisa wa Kenya anazungumza na mfanyabiashara wa Kenya mwenye namba ya kodi ya Kenya na kibali chake mkononi. Wa Tanzania anazungumza nawe. Ugomvi wa "ilifika imevunjika" haupo, kwa sababu mzigo umefunguliwa mkiwa pamoja.

Ubovu wake ni mnunuzi asiyefika. Usipakie asubuhi kabla hajakutumia ujumbe kwamba ameshapanda gari, na chukua malipo ya awali yanayotosha kufidia nauli yako ya kwenda na kurudi na mzigo. Tatizo jingine ni vijana wa pale wanaojitolea kukusaidia "kupitisha pembeni". Njia za panya kati ya Jasini na Vanga hazikuanza leo, na mizigo inayokamatwa huko hutaifishwa. Kwa bidhaa ambayo ushuru wake ni sifuri kihalali, kupita porini ni kujitafutia hasara bila sababu.

Jambo dogo lakini linasumbua: laini yako ya simu itapoteza mtandao au itahamia wa Kenya ukishavuka. Kubalianeni mahali hasa pa kukutana kabla ya kuondoka, na uwe na laini ya Kenya yenye salio kama unavuka mara kwa mara.

Hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za kufanyia mfano tu, weka za siku yako. Tuseme ofisi ya basi inatoza 15,000 kwa katoni ya kilo 20, na wakala wa forodha 40,000 kwa mzigo wote. Kusafiri nao: nauli ya kwenda na kurudi 50,000, chakula na bodaboda 20,000, kipato cha siku kilichopotea 40,000, na 8,000 kwa kila katoni. Mpakani: nauli ya kwenda na kurudi 10,000, bodaboda 6,000, nusu siku 20,000, na 3,000 kwa kila katoni.

| | Kifurushi | Kusafiri nao | Mpakani |
|---|---|---|---|
| Katoni 3 | 85,000 | 134,000 | 45,000 |
| Katoni 6 | 130,000 | 158,000 | 54,000 |
| Katoni 10 | 190,000 | 190,000 | 66,000 |
| Anayejibu maswali ya forodha | wakala au hakuna | wewe | wewe na mnunuzi |
| Kinachovunjika kwanza | karatasi | muda wako | ahadi ya mnunuzi |

Kwa bei hizo, kusafiri nao kunalingana na kifurushi kwenye katoni ya kumi, na kuanzia hapo kunakuwa nafuu. Chini ya hapo unalipia kitu kingine: kumjua mteja. Safu ya mpakani inapendeza mno, lakini isikudanganye. Gharama ya Lunga Lunga hadi dukani imehamia kwa mnunuzi, na mnunuzi mwenye akili ataidai kwenye bei. Mpe punguzo lililo wazi, mfano shilingi kadhaa kwa kila kipande, kuliko kungoja alalamike.

Karatasi, kwa njia yoyote utakayochagua

Bidhaa zinazotengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia nchi nyingine mwanachama bila ushuru wa forodha, mradi uasili wake uthibitishwe. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu rahisi: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa na bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa palepale mpakani. Unakijaza, ofisa anagonga muhuri. Hakiuzwi. Akitokea mtu nje ya dirisha anakiuza, huyo si ofisa.

Makosa ya hapa ni matatu. La kwanza ni kuchanganya. Katoni moja ina sabuni zako na vitenge vya China vya Kariakoo ulivyoagizwa na shemeji ya mteja. Vitenge havigeuki vya Tanzania kwa kupita Tanga, na vikionekana, katoni yote inaingia kwenye mashaka. Bidhaa ya nje isafiri peke yake na karatasi zake. La pili ni kukatakata mzigo wa dola 5,000 kuwa vipande vitatu vya siku moja. Maofisa wameshauzoea mchezo huo. La tatu ni kuamini kwamba cheti hufuta kila kitu. Hufuta ushuru wa forodha. VAT ya Kenya ni 16%, na bidhaa iliyosindikwa inaweza kudaiwa. Mnunuzi wako aijue kabla, na mkubaliane kwa maandishi nani anailipa.

Vingine ni hivi. Ankara iwe na jina na anuani ya pande zote mbili, maelezo ya bidhaa kwa lugha ya kawaida, idadi, uzito na bei; "bidhaa mchanganyiko" ndilo neno linalofungulisha katoni zote. Ambatisha risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi.

Chochote kinachotokana na mmea na hakijabadilishwa sana, kama iliki, pilipili manga, mdalasini au machungwa ya Muheza, kinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), na upande wa Kenya mnunuzi lazima awe amepata kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya) kabla mzigo haujaondoka. Mpangilio ni huo: kibali cha Kenya kwanza, maana masharti yake ndiyo mkaguzi wa Tanzania anayoyafuata, kisha ukaguzi na cheti, kisha basi. Wanaoanza kwa basi hukaa Lunga Lunga na magunia ya machungwa yanayochacha juani.

Kwa sabuni, mafuta ya ngozi, achali na asali iliyofungashwa, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndiyo inayokuokoa, kwa sababu alama za ubora za nchi wanachama hutambuliwa ndani ya Jumuiya. Tangu 2019 vyakula na vipodozi vyote viko TBS, si kwenye mamlaka ya chakula na dawa (TFDA) vilikokuwa zamani. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza. Barua yao ya utambulisho ndiyo mlango wa nafuu ya ada.

Kufungasha kwa ajili ya buti la basi

Buti la basi lina joto, vumbi, mtikisiko na mabegi ya watu yanayorushwa juu ya kila kitu. Funga ukijua hivyo.

Katoni iwe ya kuta mbili, isizidi kilo 20 hadi 25. Zaidi ya hapo mtu mmoja haiinui, ataiburuta, na chini itafumuka. Gundi ya karatasi pana ipite kwenye mshono kwa umbo la H, kisha kamba ya katani mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu. Tanga hatuna udhuru wa kukosa kamba ya katani. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika pande mbili zinazopakana, si juu peke yake, maana juu patafunikwa: jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, simu yenye +254, mji na kituo cha kushushia, na namba ya katoni kwa mtindo wa 1/3, 2/3, 3/3. Mzigo wa "Mama Salma" anayeitwa kwenye kitambulisho jina jingine kabisa umeshakaa ofisini siku nzima katika miji mingi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Kifungashio cha kiwandani kilichoshika bidhaa moja kwa moja ni jambo jingine. Ukiweka sabuni kumi kwenye "rambo" kwa ajili ya kupanga tu, umempa ofisa sababu. Tumia karatasi, au kiroba kilichoshonwa mdomo.

Sabuni ya mwani hutoa jasho kwenye joto. Iviringishe kwa karatasi kavu na iache iive wiki zake zote kabla ya kusafiri. Sabuni changa hushikana na kutoa alama za vidole. Asali na mafuta: usijaze hadi mdomoni, acha sentimita tatu, kwa sababu hewa na kimiminika hupanuka karibu na injini na kusukuma kifuniko. Simamisha chupa, weka vigawanyo vya katoni, na ukunje taulo la karatasi chini ili likivuja lionekane kabla halijafika kwa jirani. Viungo vifungwe mara mbili, ndani karatasi ya nta au mfuko wake wa kiwandani, nje katoni. Hunyonya harufu ya dizeli na dagaa, na harufu yake vyenyewe huipeleka kwenye nguo za abiria, jambo linalomfanya kondakta avihamishe pasipofaa.

Machungwa sishauri yaende kwa buti la basi. Gunia likilaliwa, ya chini huvunjika, na moja likioza siku ya joto linaambukiza mengine. Kwa kilo mia na kuendelea tafuta kirikuu hadi mpakani, au uungane na wenye lori la soko la Kongowea, Mombasa.

Ukishavuka: mtandao wa Kenya

Usiwaze Mombasa kama kituo kimoja. Ukunda iko njiani kabla ya Likoni, kwa hiyo mteja wa hoteli au duka la Diani ashushiwe Ukunda. Kumpelekea hadi Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, kisha arudi na mzigo kivukoni ni kumchosha bure. Mteja wa kisiwani anaweza kusubiri Likoni na kuvuka kwa kivuko, ambacho ni bure kwa mtembea kwa miguu, lakini asubuhi na jioni umati ni mkubwa na katoni huminywa. Magari yanayotumia barabara ya Dongo Kundu huepuka kivuko. Uliza basi linapita wapi, kwa sababu hilo hubadili mahali pa kushushia.

Kutoka Mombasa, sako (vyama vya wenye magari) za matatu na mabasi ya Kenya zina utamaduni imara wa vifurushi: Malindi, Voi, Nairobi na kwingine. Hapo mzigo wako umeshaingia nchini na unasafiri kama wa ndani. Muhimu ni mtu wa kuuhamisha kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mteja wa Nairobi asiye na mtu Mombasa atakusumbua. Kwake linganisha na njia ya Arusha: Tanga–Mombasa–Nairobi ni kama kilomita 650, Tanga–Arusha–Namanga–Nairobi ni kama 710. Tofauti hiyo si kitu. Njia ya kuchagua ni yenye makabidhiano machache na yenye mtu unayemwamini mahali mzigo unapobadili gari. Kama una binamu Arusha na huna mtu Mombasa, pita Arusha.

Ukitaka kuona mtandao wa mabasi unavyoweza kuwa posta ya wafanyabiashara, tazama nje ya kanda yetu. Ufini ina Matkahuolto, kampuni iliyoanzishwa 1933 na makampuni ya mabasi yenyewe, iliyojenga huduma ya vifurushi juu ya mtandao wa mabasi. Jimbo la Telangana, India, shirika la mabasi ya umma lilifungua huduma ya mizigo na vifurushi 2020. Upande wa pili uko Kanada. Kampuni ya mabasi ya Greyhound iliacha njia zake za magharibi mwa nchi Oktoba 2018 na kufunga zote zilizobaki za ndani ya nchi 2021, na miji midogo iliyokuwa ikipokea vipuri na dawa kwa basi ikaanza kutafuta njia mpya. Kwa aliye Tanga hilo lina maana moja ya kikazi: uwe na namba za ofisi mbili za mabasi na dereva mmoja wa Noah wa Horohoro, wote wameshawahi kukubebea, kabla njia yako ya kila siku haijafungwa.

Uchague ipi?

Sampuli na mizigo midogo yenye thamani ndogo kwa mteja aliyekwisha lipa: kifurushi. Mteja mpya, au oda inayozidi katoni kumi: panda nao. Oda zinazojirudia kwa mtu yuleyule wa Kwale au Mombasa: mpakani. Viungo na mazao: mpakani au kusafiri nao, kamwe kifurushi kisicho na mtu, mpaka wewe na mnunuzi mmeshazoea karatasi za KEPHIS na TPHPA kiasi cha kuzikamilisha mkiwa na macho nusu.

Anza na katoni moja. Ipitishe kwa njia uliyochagua, pamoja na karatasi zote kama za mzigo mkubwa, kisha umwombe mpokeaji apige picha nne kabla hajaifungua: pande mbili zilizoandikwa, mdomo na chini. Picha ya chini ndiyo inayosema ukweli wa buti.

Na weka nakala ya cheti cha uasili na ankara iliyogongwa muhuri mpakani hata baada ya kulipwa. Mnunuzi akikataa nusu ya mzigo na kuurudisha, sabuni yako mwenyewe itafika Horohoro kama bidhaa inayoingia kutoka Kenya. Ofisa wa TRA atauliza ilitoka lini na kwa karatasi gani. Mwenye nakala huonyesha na kupita na mzigo wake. Asiye nayo huanza kubishania ushuru wa bidhaa aliyoipika jikoni kwake.